Kuilinda Miti ya Uani Pasipo Kuwadhuru Wanyama Tunaowafuga

(Yafuatayo ni mazungumzo ya Afisa Ugani mbele ya watumishi wa umma na wakazi wa Kata ya Kimali, Wilaya ya Meatu, Mkoa wa Simiyu. Yanachapishwa kwa ukamilifu kwa faida ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.)

Ndugu Mwenyekiti,
Waheshimiwa Watendaji,
Watumishi wenzangu,
Wazee wetu na ndugu wananchi,



Awali ya yote natoa shukrani kwa kupewa nafasi hii. Nimeombwa nizungumze juu ya ulinzi wa miti ya matunda iliyomo katika nyua zetu, nami nimekubali kwa moyo mmoja. Hata hivyo naomba radhi mapema, kwani sehemu kubwa ya maneno yangu haitahusu miti. Itahusu mbwa, paka, kuku na kanga. Kwa miaka niliyokaa katika kazi hii nimeona kwamba anayeuawa kwa ajili ya mti, aghalabu siye aliyeuharibu.

Sote tunaijua historia ya miti katika nchi hii ya Wasukuma. Wakati wa ukoloni mapori mengi yalifyekwa ili kuwaondoa mbung'o. Baadaye yakafuata mashamba ya pamba, kuni na wingi wa mifugo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulioanza mwaka 1986 na kuendelea hadi mwaka 2004, ulitusaidia kuzifufua ngitili zetu, wakati Meatu na Bariadi zilipokuwa bado sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, kabla Mkoa wa Simiyu haujaanzishwa mwaka 2012. Hivyo basi, mtu aliyeumwagilia mwembe kwa ndoo ya kichwani katika viangazi vitatu mfululizo ana haki ya kukasirika anapoamka na kuukuta umevunjwa matawi, maembe machanga yametapakaa chini, kila moja limeumwa mara moja tu na kutupwa.

Hasira hiyo naijua. Ndiyo iliyonifanya mimi mwenyewe nitende jambo ambalo leo nalisimulia mbele yenu kwa aibu.

Nilipokuwa kijana kazini, katika wilaya nyingine, nilikuwa na mipapai sita nyuma ya nyumba ya serikali niliyopangiwa. Kila papai lililoanza kuiva lililiwa usiku. Nikaamua kwamba mwizi ni komba, kwa kuwa nilikuwa nikisikia kilio chake na kuyaona macho yake yaking'aa kwa mwanga wa tochi. Sikuchunguza zaidi. Nilikata papai bivu, nikalipaka masalio ya dawa ya pamba yaliyobaki kwenye chupa, nikaliweka panda ya mti. Usiku ule upepo ulivuma, papai likaanguka. Alfajiri mbwa wa jirani yangu, mwalimu, alipita uani kama alivyozoea kupita kila siku, kwa kuwa mke wangu alikuwa akimtupia makombo. Kuku wetu wawili nao walidonoa mbegu. Nilipotoka nje nilimkuta mbwa yule amelala ubavu, povu mdomoni, miguu ikitetemeka, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Hakufika saa tatu.

Hilo peke yake lingetosha. Lakini nilipoingia jikoni nilikuta maji yamekwisha kuchemka. Mke wangu alikuwa amewaona kuku wale wakiyumba, akadhani ni mdondo, akawachinja haraka kabla hawajafa, akawa anaanza kuwanyonyoa. Watoto walikuwa wamekaa kwenye mkeka wakingojea maini. Nilikuwa na wajibu wa kwenda kwa mwalimu na kumwambia ukweli, nikaenda. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: "Bwana Shamba, na kama angekuwa mtoto wangu aliyeliokota?" Sikuwa na jibu wakati ule, na sina hadi leo.

Papai ziliendelea kuliwa. Baadaye nilikaa kibarazani usiku mmoja kwa subira ambayo nilipaswa kuwa nayo tangu mwanzo, nikaona kwa macho yangu kwamba walaji walikuwa popo.

Ndugu wananchi, jambo la kwanza ninalowaomba ni kumtambua mharibifu kabla ya kumhukumu. Hata sungusungu hawamfungi mtu kamba kwa sababu tu amepita njiani usiku. Kila mnyama huacha ushahidi wake. Popo hula tunda bivu likiwa bado linaning'inia. Hutafuna nyama yake, akafyonza maji, kisha akatema makapi yaliyobanwa kama kitonge, nawe utayakuta chini ya mti au chini ya tawi analopenda kujining'iniza. Panya huacha alama za meno mawili yaliyopangana, na kinyesi kama punje za mpunga mweusi. Tena hupenda kuguguna mche mchanga karibu na udongo. Tumbili huja mchana, hula hata matunda mabichi, huuma na kutupa, na kuvunja matawi kwa kuruka. Na komba, yule mdogo wa maporomoko yetu ya migunga, chakula chake kikuu ni wadudu na utomvu wa miti hiyo. Ndiye niliyemhukumu bure. Anapoonekana usiku juu ya mwembe, yumkini anawinda panzi na nondo wanaokula majani yako.

Kuna na mharibifu mwingine ambaye hatupendi kumtaja, naye ni mnyama wako mwenyewe. Gome lililochunwa kuanzia chini hadi kimo cha kiuno ni kazi ya mbuzi, wala si ya mnyama wa porini. Mashimo kwenye shina ni ya mbwa anayetafuta ubaridi wakati wa jua kali. Mikwaruzo mirefu ni ya paka anayenoa kucha. Kuku hufukua samadi na matandazo yote na kuiacha mizizi wazi. Nimekwisha kupokea malalamiko mengi ya wanyama waharibifu kutoka kwa watumishi wenzangu, na nusu ya safari zangu zilikwishia kwenye kamba ya mbuzi wa mlalamikaji. Nayasema haya bila kumlenga mtu, ingawa naona baadhi ya nyuso zinacheka.

Dawa ya mbuzi inajulikana na wazee wetu: uzio wa miba unaouzunguka mche hadi utakapokuwa mrefu kupita kimo cha mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma, na tope la kinyesi cha ng'ombe lililochanganywa na maji likapakwa shinani, kisha likarudiwa kila baada ya mvua. Mbuzi hapendi harufu hiyo mdomoni. Anayependa ua wa minyaa na autumie, lakini akumbuke kwamba maziwa ya mnyaa yakiingia jichoni huchoma vibaya, kwa mtoto na kwa mbwa pia. Usiukate ua huo wakati wanyama wamefungwa karibu. Kwa mbwa, mpe mahali pake penye kivuli na umwagie maji kidogo, ataliacha shina la mwembe. Kwa paka, simika gogo kavu karibu na mlango wa jiko. Mambo haya ni madogo, lakini yasipofanywa hakuna bati wala wavu utakaosaidia.

Sasa nije kwenye bati, kwani najua wengi mmelisikia. Katika visiwa vya Bahari ya Pasifiki wakulima wa minazi huzungushia shina utepe wa bati ili panya asipande. Huko New Zealand hufanya vivyo hivyo dhidi ya mnyama aitwaye posamu, ambaye ni mkubwa kiasi cha paka, hutembea usiku na hula majani, machipukizi na matunda. Msingi wake ni mmoja: kucha haziwezi kushika mahali laini. Bati lako liwe na upana wa sentimita 60 hivi, lizungushwe shinani kwa namna ambayo ukingo wake wa chini uko mita moja na nusu kutoka ardhini, ili mbuzi asiukwaruze na mtoto asijikate. Debe la mafuta lililokunjuliwa na kunyooshwa linafaa kabisa, ila kingo zake zikunjwe kwa nyundo. Lifunge kwa waya, usilipigilie misumari, maana msumari huingiza uozo katika shina. Kila mwaka, mvua zikianza, legeza waya huo. Mti hunenepa, waya ukisahauliwa utaunyonga, nawe utaulaumu mchwa.

Lakini bati ni kazi bure ikiwa tawi limegusa paa, au limekumbatiana na mti wa jirani. Panya hatapanda shinani ikiwa ana daraja juu. Pogoa matawi mpaka pawe na nafasi ya mita mbili au zaidi kati ya mti na nyumba. Tumbili yeye huruka mbali zaidi ya hapo, kwa hiyo bati halimtishi sana, nitamrejea.

Na hapa wenye paka nawaomba wanisikilize. Paka naye hupanda kwa kucha. Ukiifunga miti yote ya uani kwa bati, umemnyang'anya paka kimbilio lake siku atakapofukuzwa na mbwa wageni. Acha mti mmoja bila bati, mwarobaini kwa mfano, ambao hauna tunda la kugombewa. Paka ndiye mlinzi wako wa usiku dhidi ya panya, pamoja na bundi. Najua bundi hana sifa njema miongoni mwetu, na wapo watakaomrushia jiwe leo hii akitua juu ya paa la ofisi. Kila mtu ana imani yake. Ninachokijua mimi ni kwamba tumbo la bundi limejaa panya.

Kwa popo, njia iliyo bora ni ya bei nafuu kuliko zote. Chuma papai mara tu mistari ya njano inapoanza kuonekana kwenye ngozi ya kijani, ulivundike ndani. Popo huongozwa na harufu ya tunda lililoiva. Lisipoivia mtini hana sababu ya kuja. Yale unayotaka yaivie mtini yavishe mfuko wa nguo kuukuu, wa karatasi au wa salfeti inayopitisha hewa, ufungwe kikonyoni. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa isitumike: huozesha tunda kwa joto, na isitoshe imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni, 2019. Vyandarua vilegevu juu ya mti sivishauri pia. Popo, ndege na paka hunaswa humo, na mnyama aliyenaswa huuma.

Naongeza neno juu ya afya. Mwaka 2023, na tena mwaka 2025, ugonjwa wa Marburg ulitokea mkoani Kagera, na wataalamu wamethibitisha kwamba virusi vyake huishi ndani ya popo wa matunda wa aina ile wanaolala mapangoni. Sisemi kwamba popo wa uani kwako ni mgonjwa. Nasema tunda lililoumwa na mnyama wa porini lisiliwe na mtu, wala lisitupiwe mbwa au nguruwe, lifukiwe. Wala tusiende kuwachoma popo kwenye miti wanakolala. Mibuyu mnayoiona hapa Meatu hufungua maua yake usiku, na popo ni miongoni mwa wanaoyachavusha. Pasipo popo, ubuyu wanaonunua watoto wetu dukani ungekuwa haba.

Tumbili ndiye mgumu kuliko wote, na sitawadanganya kwamba nina dawa yake. Ana akili, ana mikono, na hukumbuka. Linalosaidia ni kuwepo kwa mtu na mbwa uani wakati matunda yanapokomaa, hasa asubuhi na jioni. Mbwa abweke, asikimbize. Mbwa anayemfikia tumbili dume hung'atwa vibaya, na meno ya tumbili ni marefu kuliko mnavyodhani. Mfunge kwa kamba ndefu inayoteleza kwenye waya uliotandazwa kati ya nguzo mbili. Ataulinda mstari mzima wa miti bila kutoka uani. Kamba isifungwe shinani, kwani itachubua gome pande zote na mti utakufa.

Kumfunga mbwa kuna faida nyingine kwetu tunaoishi karibu na Pori la Akiba la Maswa. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi wa mbwa, unaowapata mbwa wetu wa kawaida wa vijijini, uliingia kwa simba wa Serengeti, ukawaua wapatao theluthi moja. Kutoka huko pia huweza kurudi kwetu kichaa cha mbwa, kwa njia ya mbweha na fisi. Mbwa anayelala nyumbani na kuchanjwa kila mwaka ni usalama wa pande zote mbili. Tumbili wakizidi, hatua iliyo sahihi ni kutoa taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji, naye aifikishe kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya kule Mwanhuzi. Najua mtasema kwamba majibu huchelewa. Ni kweli huchelewa, na lawama hiyo ninaipokea kwa niaba ya wenzangu. Hata hivyo taarifa iliyoandikwa na kupokelewa haiwezi kukanushwa baadaye.

Ndugu Mwenyekiti, nimeacha sumu iwe ya mwisho kwa makusudi.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, inakataza kumwinda mnyama wa porini kwa sumu. Tena viuatilifu vyote nchini husimamiwa chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, iliyoanzisha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na kila dawa husajiliwa kwa kazi maalumu. Dawa ya pamba ni ya wadudu wa pamba. Kuipaka kwenye papai ni kosa, hata ikiwa papai ni lako na uani ni kwako.

Nisingependa mwache sumu kwa kuogopa sheria tu. Afadhali mjue inavyofanya kazi. Sumu nyingi za wadudu zinazotumika mashambani hushambulia mishipa ya fahamu, na haziwezi kutofautisha panzi, kuku, mbwa na mtoto. Tofauti ni kiasi tu. Katika zile za panya, nyingine hutoa gesi tumboni, na paka akimla panya yule pamoja na tumbo lake huweza kufa. Nyingine huzuia damu isigande. Panya hafi siku hiyo hiyo, bali hutembea kwa siku kadhaa akiwa amelegea, na nani atakayemkamata kwa urahisi ikiwa si paka wako au yule bundi? Ndivyo mtu anavyowaua walinzi wake, na msimu unaofuata panya huwa wengi zaidi, kwa maana panya huzaa upesi kuliko paka.

Wenzetu wa New Zealand niliowataja walileta posamu kutoka Australia kuanzia mwaka 1837 kwa ajili ya manyoya, wakaja kulemewa nao, na sasa huwapiga vita kwa sumu iitwayo 1080. Nchi ile ina wataalamu, ndege za kumwaga chambo na mabango ya tahadhari. Pamoja na hayo yote, wenye mbwa huonywa wasipite katika maeneo hayo, kwa kuwa mbwa ni dhaifu mno mbele ya sumu hiyo, hata akila mzoga tu. Ikiwa wao hawana hakika na usalama wa mbwa wao, mimi na chupa yangu ya masalio nilikuwa na hakika gani?

Ikitokea mnyama wako amekula sumu, usipoteze muda kwa kumnywesha maziwa au mafuta ya kula. Hayaondoi sumu, na kwa baadhi ya sumu mafuta huifanya ifyonzwe upesi. Mwondoe mahali pale, vaa mifuko mikononi, mwoshe kwa sabuni ikiwa ameimwagikia mwilini, na umwite Afisa Mifugo ukiwa umeshika pakiti au chupa yenyewe, maana tiba hutegemea jina lililoandikwa pale. Mnyama akifa asichunwe wala asiliwe, hata awe kuku mnono au mbuzi wa arusi. Azikwe kwenda chini, mbali na kisima. Mzoga ukitupwa bondeni utawaua tai na fisi, na mbwa wa kijiji cha pili.

Na yale masalio ya dawa yaliyomo majumbani mwetu, kwenye chupa za soda na vidumu vya mafuta ya kula, chini ya vitanda? Kuanzia wiki ijayo nitapita kwenye vitongoji pamoja na Afisa Mifugo siku atakapokuwa akichanja mbwa. Mwenye masalio ayalete yakiwa ndani ya chombo kilichomo, bila kukiosha wala kukimwaga njiani. Tutayaandika na kuyapeleka wilayani ili yashughulikiwe inavyotakiwa. Sitamwuliza mtu alikusudia kuyatumia kwa kazi gani.

Nimekuja na debe moja lililokunjuliwa, nyundo, koleo na waya. Mwembe ulio nyuma ya ofisi ya kata una alama za meno ya panya kwenye tawi la chini, na tawi hilo limelala juu ya paa, nimeuangalia asubuhi. Kwa ruhusa yako, Ndugu Mwenyekiti, naomba tutoke nje tuupogoe na kuufunga bati pamoja, na maswali nitayajibu huko huko tukiwa kazini.